Kadi ya laki nne na nusu, au splita na UPS?

Ndugu washauri, habari za kazi?

Nina kibanda cha gemu hapa Busia, upande wa Uganda: PS4 Slim mbili na TV mbili za inchi 32. Kila Jumapili jioni tunafanya mashindano ya EA Sports FC, mchezo wa mpira wa miguu. Vijana wa Tororo na Mbale wanaomba turushe laivu ili waone wenzao wakicheza, na sisi tutangaze kwa Kiswahili.

Nilinunua kile kidude kidogo cha kunasa picha, HDMI upande mmoja na USB upande wa pili, kwa shilingi 55,000. Kimeandikwa 4K. Mwanzoni picha ilikuwa nyeusi tupu, mpaka kijana mmoja akanionyesha kuzima HDCP, ile kinga ya kuzuia picha isinakiliwe, kwenye PS4. Sasa picha inaonekana, lakini shida ni hizi. Waya wa HDMI ukiwa kwenye kidude, TV haina picha, kwa hiyo wachezaji wanaangalia laptopu, na pedi inachelewa hadi wanagombana. Picha inarukaruka, siku moja nilibadilisha kitu kwenye OBS, programu ninayotumia kurekodi na kurusha, ikawa kama mtu anapindua kurasa. Mtangazaji anasikika akishangilia bao kabla mpira haujaingia. Kuna mngurumo kwenye sauti. Na umeme ukikatika, faili niliyokuwa narekodi haifunguki tena.

Muuzaji mmoja ananipa kadi ya kunasa picha, Elgato HD60 S iliyotumika, kwa 450,000. Mwingine ana kadi isiyo na jina, ina tundu la kutolea picha kwenda kwenye TV, imeandikwa "4K 60", anataka 180,000. Laptopu yangu ni HP EliteBook ya mtumba, Core i5 kizazi cha nne, RAM 8GB, Windows 10. Mtandao ni ruta ya 4G. Nikipima, kasi ya kupakia ni kati ya Mbps 3 na 7. Nichukue ipi? Na je, nirushe Facebook au YouTube?

Mwenye Kibanda, Busia

*

Ndugu yetu wa Busia,

Hizo laki nne na nusu usizitoe bado. Shida ulizoandika ni tano, na kadi mpya ingetibu mbili tu. Tatu zilizobaki zingehama nawe hadi kwenye kadi ya bei hiyo. Tena hizo mbili zenyewe zina dawa ya bei ndogo. Tuanze na ulicho nacho mkononi, kwa sababu kinaweza kazi kubwa kuliko unavyokitumia.

Vidude vya aina hiyo, vya bei ya chini na vya USB 2.0, vingi vimejengwa juu ya chipu moja iitwayo MS2109, ya kampuni ya MacroSilicon. Ile "4K" iliyochapishwa juu yake inahusu upande wa kuingilia: kinaweza kupokea picha ya 3840 kwa 2160, fremu 30 kwa sekunde. Kinachotoka kwenda kwenye kompyuta ni habari nyingine. Mwisho wake ni 1920 kwa 1080 kwa fremu 30, au 1280 kwa 720 kwa fremu 60. Kinachokifunga ni USB 2.0, ambayo kwenye karatasi hupitisha megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60, na kwa vitendo chini ya hapo. Picha ya 1080 kwa fremu 60 isiyobanwa inahitaji karibu megabaiti 249 kila sekunde. Haiwezi kupita. Kwa hiyo kidude hubana kila fremu peke yake kama picha ya JPEG, mtindo unaoitwa MJPEG, kisha ndipo kinaipeleka.

Hapo ndipo penye siri ya ile siku ya kupindua kurasa. Bila shaka uligusa sehemu ya Video Format ukaweka YUY2, ambayo ni picha isiyobanwa. Kwenye USB 2.0, picha ya 1080 ya YUY2 hushuka hadi fremu 5 kwa sekunde. Kidude hakikuharibika, kilitii ulichokiagiza.

Fanya hivi. Kwenye OBS, bonyeza mara mbili chanzo chako cha Video Capture Device. Kwenye Resolution/FPS Type chagua Custom. Resolution weka 1280x720, FPS weka 60, Video Format weka MJPEG, na Buffering weka Disable. Kisha ingia Settings, Video, uweke Base na Output zote mbili 1280x720, ili laptopu isipoteze nguvu kukuza picha na kuipunguza tena. Hii peke yake itaondoa sehemu kubwa ya kurukaruka. FC kwenye PS4 huchezwa kwa fremu 60, na ukiinasa kwa 30 mpira unaokwenda kasi lazima uonekane unaruka.

Usisikitikie 1080. Mchezo wa mpira ni kati ya picha ngumu kubana: majani ya uwanja yana chembechembe nyingi na kamera inatembea muda wote, kwa hiyo karibu kila sehemu ya picha inabadilika kila fremu. Ukirusha 1080 kwa kilobiti 2,500 kwa sekunde, majani yanageuka uji wa kijani na namba za jezi hazisomeki. Picha ya 720 kwa kasi hiyohiyo itakuwa safi zaidi kwenye simu ya kijana wa Mbale, na wengi wao watatazama kwenye simu.

Sasa TV. Mchezaji hapaswi kamwe kucheza akiangalia dirisha la OBS, hata kwenye kadi ya bei kubwa. Picha inaponaswa, ikabanwa, ikapita USB, ikafunguliwa na kuchorwa upya, inachelewa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na kwenye mpira hiyo ni tofauti ya kukaba na kupitwa. Kadi zenye tundu la kutolea hutatua jambo hili kwa kupitisha picha moja kwa moja hadi kwenye TV kabla ya kuigusa. Wewe unaweza kupata hilo kwa splita ya HDMI, yaani kigawa picha, moja kuingia na mbili kutoka. PS4 inaingia kwenye splita, tundu la kwanza linakwenda TV, la pili linakwenda kwenye kidude.

Splita iwe ile yenye waya wake wa umeme wa volti 5. Ule waya wa HDMI wenye umbo la Y usiununue. Unaonekana kama unagawa, lakini ishara ya HDMI ni mazungumzo ya vifaa viwili, si maji ya bomba; ukiunganisha skrini mbili hivyo, moja au zote zitazimika. Ukishachomeka splita, ingia kwenye PS4: Settings, Sound and Screen, Video Output Settings, na pale penye Resolution ondoa Automatic uweke 1080p. Ukiacha Automatic, kila kidude kikichomolewa PS4 inaweza kuanza kujadiliana upya na skrini, na TV inakuwa nyeusi sekunde kadhaa katikati ya mechi. Ukiwa hapohapo kwenye Sound and Screen, fungua Audio Output Settings uhakikishe Audio Format iko Linear PCM. Ikiwa Bitstream, kidude hakitapata sauti.

Splita ina faida moja ambayo hata HD60 S haina. HD60 S hula umeme kupitia USB ya laptopu. Laptopu ikizima au waya ukichomoka, TV nayo inakuwa nyeusi, na wachezaji wawili waliokuwa dakika ya 88 watakuja juu. Splita inajitegemea. Laptopu ianguke, ijisasishe, izime, mechi inaendelea.

Mtangazaji anayeshangilia mapema si kosa la kadi wala la mtandao. Maikrofoni yake inaingia kwenye laptopu mara moja, picha inachelewa njiani. Dawa ni kuichelewesha maikrofoni ilingane na picha. Kwanza pata kipimo. Mwite mtu aketi karibu sana na maikrofoni, awe anabonyeza kitufe cha pedi kinachobadilisha kitu papo hapo kwenye menyu, huku akigonga meza kwa nguvu wakati uleule. Rekodi sekunde 20 kwa fremu 60. Fungua faili kwenye programu ya kuhariri, hesabu fremu kati ya mshindo wa meza kwenye wimbi la sauti na menyu kubadilika. Kila fremu ni milisekunde 16.7, zikiwa 7, ni kama milisekunde 117. Kwenye OBS bonyeza gia ndogo kwenye Audio Mixer, fungua Advanced Audio Properties, na mbele ya jina la maikrofoni, kwenye Sync Offset, andika namba hiyo. Rudia jaribio mara moja kuthibitisha. Ukibadilisha kadi, USB au ukubwa wa picha, pima upya, kwa kuwa uchelewaji nao hubadilika.

Jambo jingine la sauti: mtu akichomeka vifaa vya masikioni kwenye pedi, angalia Settings, Devices, Audio Devices, Output to Headphones. Ikiwa All Audio, sauti ya mchezo inahamia masikioni mwake, na TV pamoja na kidude vinabaki kimya. Weka Chat Audio.

Mngurumo ule unatoka kwenye umeme. Chomoa chaja ya laptopu wakati unarekodi. Ukinyamaza, chanzo umekipata. TV, PS4 na laptopu zikiwa kwenye soketi tofauti, au moja ina waya wa ardhi na nyingine haina, mkondo mdogo hupita kwenye ganda la waya wa HDMI na USB na kuingia kwenye sauti. Viweke vyote kwenye ekstensheni moja yenye waya wa ardhi unaofanya kazi kweli. Ukutani nyumba nyingi zina tundu la tatu ambalo nyuma yake hakuna waya wowote, kwa hiyo mwite fundi alipime. Mkondo huohuo ndio unaomtekenya mtu vidole akigusa TV, na ndio unaoua matundu ya HDMI. Chomeka nyaya zote vifaa vikiwa vimezimwa, kisha uwashe ukutani. Tundu la HDMI la PS4 likiungua, kulibadilisha ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kuyeyushia risasi ya chipu ndogo, na si kila mji una mtu huyo.

Tukija kwenye faili zisizofunguka: unarekodi MP4. Faili ya MP4 huandika orodha yake ya ndani mwishoni, unapobonyeza Stop. Umeme ukikatika kabla ya hapo, orodha haipo, na video yote ya saa mbili inakuwa kama kitabu kilichochanika kurasa za yaliyomo. Ingia Settings, Output, Recording, badilisha Recording Format iwe MKV. Hiyo hujiandika inavyokwenda. Umeme ukikatika unapoteza sekunde chache za mwisho tu. Ukitaka MP4 kwa ajili ya kuhariri, bonyeza File, Remux Recordings. Inachukua dakika chache na ubora haupungui.

Na nunua UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia vifaa umeme ukikatika. Kwa kazi yako tunaiona ni ya lazima kuliko kadi yoyote. Laptopu ina betri yake, kwa hiyo unachohitaji kuokoa ni PS4 moja, TV moja, ruta na splita. PS4 Slim ikiwa kwenye mchezo hula takriban wati 80 hadi 100, TV ya LED ya inchi 32 kama wati 40 hadi 60, ruta wati 10 hivi. Jumla ni kama 150. UPS ya 650VA kwa kawaida ina betri ya volti 12 yenye saa-ampea 7, na kwa mzigo huo itakupa dakika 10 hadi 15 betri ikiwa mpya. Zinatosha kumaliza mechi, kuaga watazamaji na kuzima PS4 kwa heshima badala ya kuikata ghafla ikaanza kukagua diski. Betri ya UPS iliyokaa dukani bila kuchajiwa huwa imeshakufa nusu, hivyo iwashe hapohapo dukani, weka mzigo wa taa au TV, uchomoe ukutani, uangalie saa.

Mtandao wako ndio utakaoamua kila kitu kuhusu ubora, kuliko kadi. Usihesabu ile Mbps 7, hesabu ile 3, kwa sababu Jumapili jioni kila mtu yuko kwenye mnara huohuo. Tumia theluthi mbili ya kipimo cha chini kabisa, yaani kilobiti 2,000. Kwa kasi hiyo rusha 720 kwa fremu 30, hata kama mpira utaruka kidogo: kwenye Settings, Video, sehemu ya FPS, weka 30. Siku utakayopata kasi ya kupakia isiyoshuka chini ya Mbps 7, panda hadi 4,500 kwa fremu 60. Kwenye Output chagua Rate Control ya CBR, yaani kasi isiyopanda wala kushuka, na Keyframe Interval sekunde 2. Kwenye Advanced, sehemu ya Network, weka alama kwenye Dynamically change bitrate ili mnara ukizidiwa OBS ipunguze ubora badala ya kukata.

Gharama ya data inahesabika. Kilobiti 2,000 za picha na 128 za sauti ni karibu GB 1 kwa saa; mashindano ya saa nne ni GB 4 bila kuhesabu simu za wateja waliojiunga kwenye Wi-Fi yako. Nenosiri la Wi-Fi hiyo libadilishe kabla hujaanza. Kwa 4,500 za picha na 128 za sauti ni GB 2 na kidogo kwa saa. Laptopu uiunganishe na ruta kwa waya wa LAN. Kibanda chenye simu thelathini mifukoni ni mahali pabaya kwa Wi-Fi.

Laptopu yako inatosha kwa mpango huu, ila iokoe na x264, njia ya kubana video kwa programu tu. Hiyo huibebesha prosesa kazi yote ya kubana, na Core i5 za laptopu za kizazi hicho nyingi zina viini viwili tu. Kwenye Output, chini ya Video Encoder, chagua QuickSync H.264, ambayo hutumia sehemu maalumu iliyomo ndani ya chipu ya Intel. Ikiwa haionekani, sasisha draiva ya picha ya Intel. Funga Chrome. Waya wa chaji uwe umechomekwa na Power Plan iwe High Performance, la sivyo prosesa inajipunguza kasi.

Picha ikirukaruka tena, usikisie. Fungua Docks, Stats, kuna mistari mitatu inayokuambia mkosaji ni nani. Dropped frames zikipanda, ni mtandao: punguza kilobiti. Skipped frames due to encoding lag zikipanda, ni kubana: angalia QuickSync au shusha fremu. Frames missed due to rendering lag, kadi ya picha ya laptopu imechoka: toa mapambo na vyanzo vya tovuti ulivyoweka juu ya picha. Zote tatu zikiwa sifuri na picha bado inaruka, ndipo umtazame kidude na USB yake. Kichomeke kwenye laptopu moja kwa moja bila habu, na usitumie waya mrefu wa kuongezea. Kikiwa cha moto sana kukishika, kipe nafasi ya hewa.

Lini basi ununue kadi? Pale utakapotaka kurekodi 1080 kwa fremu 60 na kupakia YouTube usiku, data ikiwa nafuu, badala ya kutegemea laivu. Hapo kidude chako hakifiki, na kati ya hizo mbili ulizotaja tungeanza na ile isiyo na jina, ikipita majaribio haya matatu. Nenda dukani na laptopu pamoja na PS4 moja; muuzaji asiyekubali ujaribu, mwache.

La kwanza, tazama mdomo wa USB wa waya wake. USB 3.0 ina vituo tisa: vinne vipana mbele na vitano vidogo nyuma yake, ndani kabisa. Rangi ya bluu peke yake si ushahidi, kwa kuwa plastiki ya bluu huwekwa hata kwenye USB 2.0. Ikiwa waya ni wa USB-C, hakikisha si waya wa kuchaji tu, maana hizo nyingi hubeba USB 2.0. Na kwenye laptopu tumia tundu lenye alama ya SS.

La pili, fungua OBS, chagua 1920x1080, fremu 60, na Video Format uweke YUY2 au NV12, zote picha zisizobanwa. Ikikubali na picha ikatembea, kweli ni USB 3.0. Ikikupa fremu 5 au 10 tu kwenye YUY2, unauziwa ndugu wa kidude ulicho nacho ndani ya sanduku kubwa zaidi, na 180,000 ni nyingi mno kwake.

La tatu ndilo linalowanasa wanaonunua haraka. Kadi nyingine hukubali 60 lakini hurudia kila picha mara mbili. FPS ya OBS ikiwa 60, rekodi nusu dakika ya mchezo wenyewe, si marudio ya bao wala sherehe za wachezaji, kwa sababu hizo FC yenyewe huzionyesha kwa fremu 30. Fungua kwa VLC, simamisha, bonyeza herufi E mara kumi. Kila bonyezo ni fremu moja mbele. Mpira ukisogea kila mara, ni 60 halisi. Ukisogea, ukasimama, ukasogea, ukasimama, ni 30 iliyovishwa koti.

"4K 60" iliyoandikwa juu yake usiijali hata kidogo. Mara nyingi ni uwezo wa kupitisha picha hadi kwenye TV, na PS4 Slim haitoi 4K kabisa.

HD60 S ni kadi nzuri, tunaiheshimu: 1080 kwa fremu 60 za kweli, na kuipitisha kwenye TV kwa ukubwa huohuo. Lakini haikubali USB 2.0, haina kifaa cha kubana ndani yake, kwa hiyo kazi hiyo inabaki kwa laptopu yako, na haipitishi 4K siku utakapopata PS5 na TV kubwa. Hiyo ni kazi ya HD60 X, iliyotoka 2022 kwa dola 199.99 huko Marekani kabla ya usafiri na kodi. Ukiamua HD60 S ya mtumba, chomeka waya wa HDMI ndani yake uutikise kidogo picha ikiwa inaonekana. Ikikatika, tundu limelegea, iache. Hakikisha pia inakuja na waya wake wa asili.

Kuna aina ya tatu ambayo wauzaji wako hawakuitaja, na inafaa laptopu dhaifu: AVerMedia Live Gamer Portable 2 Plus, jina lake la kiwandani GC513. Inabana video ndani yake yenyewe, kwa hiyo USB 2.0 inaitosha, na ina tundu la kadi ya microSD, inarekodi 1080 kwa fremu 60 bila kompyuta. Kwa kibanda kinachotaka kumbukumbu ya kila mechi bila kumweka mtu mbele ya laptopu, ukiiona ya mtumba kwa bei inayolingana na HD60 S, ifikirie kwanza.

Kuhusu wapi pa kurushia: Facebook ilifungwa nchini Uganda Januari 2021, kwa hiyo kurusha huko kunakulazimu upite kwenye VPN, na VPN inakula sehemu ya ile Mbps 3 yako na kuongeza mahali pa kukatikia. Watazamaji wa Tororo nao watalazimika kufanya hivyohivyo. Nenda YouTube. Thibitisha akaunti kwa namba ya simu mapema wiki hii, kwa sababu ruhusa ya laivu ya mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24. Ukirusha kwa OBS huhitaji wafuasi 50. Sharti hilo ni la wanaorusha kwa programu ya simu.

Kabla ya mechi ya kwanza, zima muziki wa menyu ndani ya FC, kwenye mipangilio ya sauti, uache kelele za uwanja tu. Nyimbo za mchezo zina wenyewe, na mfumo wa YouTube huzitambua hata laivu ikiendelea. Redio ya kibanda nayo izimwe. Maikrofoni ya mtangazaji inaisikia vizuri kuliko unavyodhani. Na kwenye PS4, HDCP iliyozimwa itazuia Netflix kufunguka, hivyo mteja akitaka filamu siku za kawaida, rudi Settings, System, uweke tena alama kwenye Enable HDCP, na uiondoe tena kabla ya Jumapili.